Mfuko wa Mzazi Usiwe Turufu

Neno turufu tulilipata kwa Wareno, kama tulivyolipata neno karata lenyewe, na vilevile kopa na shupaza. Wenye maneno hayo walikwisha kuondoka katika pwani yetu karne kadhaa zilizopita, lakini msamiati wa mchezo wao ulisalia ndimini mwetu, ukapanda kutoka Mombasa hadi bara. Turufu ni ile karata ambayo, hata ikiwa ndogo kwa hesabu, huzipiku zilizo kubwa za aina nyingine. Swali ninalotaka kuliweka mbele ya walimu na wanafunzi ni hili: katika michezo mipya ya karata inayowavutia vijana wetu, turufu ni akili ya mchezaji, au ni mfuko wa mzazi wake?

Karata tulizozizoea hazina ubaguzi. Fungu ni moja, lina karata 52, na ukiziongeza zile mbili za jokeri zinakuwa 54. Wachezaji wote huchota humo humo. Katika mchezo ule ambao vijana wa shule na vyuo vyetu huucheza mabwenini, ambapo mtu aliyekaribia kumaliza hana budi kutangaza kwamba yuko kadi, mtoto wa tajiri hana mbili wala tatu ya kumwadhibu mwenziwe ambayo mtoto wa mvuvi hawezi kuipata. Bahati huwagawia wote kutoka chungu kimoja, na kinachobaki ni ujanja wa kuitumia bahati hiyo.

Mnamo 1993 ulitokea Marekani mchezo wa namna nyingine. Mtaalamu wa hisabati aitwaye Richard Garfield alibuni Magic: The Gathering, nao ukachapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast. Humo kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe alilolijenga nyumbani, lisilopungua karata 60, na karata moja haiwezi kurudiwa zaidi ya mara 4, isipokuwa zile za msingi za ardhi. Wajapani walifuata kwa Pokémon mnamo 1996, kisha Yu-Gi-Oh! mnamo 1999. Karata huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue kilichomo. Nyingi ni za kawaida, chache ni adimu, na uadimu huo ndio unaopandisha bei. Mnamo 2021 karata moja iitwayo Black Lotus, ya toleo la kwanza kabisa na iliyo ndani ya kasha lenye saini ya mchoraji wake, iliuzwa mnadani kwa dola 511,100. Hiyo ilikuwa bei ya mkusanyaji, si ya mchezaji wa kila siku. Hata hivyo inatuonyesha mkondo unakoelekea.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto anayenunua pakiti baada ya pakiti akitumaini kuipata karata adimu hayuko mbali sana na yule anayekesha akibashiri matokeo ya mechi za kandanda kwa simu. Mwalimu anayezitilia shaka karata kwa sababu hiyo hakosei. Lakini akiupiga marufuku mchezo mzima atakuwa amelitupa jembe kwa sababu ya mpini. Dawa ni kuitenganisha kamari na mchezo, na wachezaji wenyewe wamekwisha kutuonyesha njia.

Kwanza, mchezaji mwenye busara hanunui pakiti iliyofungwa. Huamua anachokihitaji, akakinunua karata moja moja, au akabadilishana na wenziwe. Pili, hujenga fungu la rangi moja, kwa kuwa karata za ardhi zinazounganisha rangi mbili au tatu ni miongoni mwa zilizo ghali mno. Tatu, na hili ndilo kubwa, huchagua azma moja na kuirudia. Hebu tufanye hesabu. Katika fungu la karata 60, mchezaji huanza na karata 7 mkononi. Karata ghali aliyo nayo moja tu itaangukia mkono huo wa kwanza mara chini ya 12 katika kila michezo 100. Karata ya bei nafuu aliyo nayo mara 4 itaonekana, angalau moja, mara 40 hivi. Nguvu isiyofika kwa wakati si nguvu. Fungu la kawaida ambalo kila karata yake inamsaidia jirani yake huweza kulishinda fungu la fahari lililojaa mabingwa wasiosikilizana. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, wachezaji wamejiwekea sheria. Upo mtindo wa Magic uitwao Pauper, yaani wa kifukara, ambao hauruhusu karata yoyote isipokuwa zilizowahi kuchapishwa katika daraja la kawaida. Mtindo huo ulianzwa na wachezaji wenyewe, hata mnamo 2019 kampuni ikautambua rasmi kwa karata za mkononi. Ufukara huo haukuudhoofisha mchezo. Kila mtu alipozuiwa kuleta kito chake, ilibidi alete maarifa.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Katika maduka ya vitabu niliyopita Migori na Homa Bay sijaziona karata hizi zikiuzwa, wala sidhani kwamba mzazi wa Awendo au Mbita anapaswa kulaumiwa asipoziagiza kutoka ng'ambo. Mzazi huyo, tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, ameombwa vifaa vya kila namna, na manung'uniko yake tumeyasikia. Tusimwongezee mzigo. Tunaloweza kuazima kutoka kwa michezo hiyo ni kanuni zake, kwa maana kanuni ya kujenga fungu haina bei. Karata zenyewe tuzikate kwa karatasi za manila na makatoni ya dukani.

Nitatoa mfano wa mchezo ambao darasa lolote la kando ya ziwa linaweza kuuunda. Tuuite mchezo wa ziwa. Kila mwanafunzi ana fungu la karata 40, na hakuna karata inayorudiwa zaidi ya mara 4. Kila karata ina thamani ya alama, na fungu zima lisizidi alama 60. Mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita akawala fulu hadi aina nyingi zikatoweka, awe na alama 5. Ngege awe na 2. Omena, fulu, wavu, kasia, taa na nyinginezo ziwe na 1. Anayetaka mbuta 4 atatumia alama 20 papo hapo, na zile 40 zilizobaki zitambidi azigawe kwa karata 36. Atajifunza, bila kuhubiriwa, kwamba kila anasa ina mahali inapolipiwa.

Nguvu za karata zitoke katika maisha yenyewe. Mvuvi wa omena huwavuta samaki wake usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka kazi yake huharibika. Basi karata ya mwezi mpevu izime taa za mpinzani. Gugumaji huziba ghuba na kuzifunga mashua gatini, kwa hiyo karata yake imzuie mwenzako asitoke kwa zamu moja. Fungu la omena, taa na nyavu, lililopangwa vyema, litaweza kumaliza kazi kabla mwenye mbuta wanne hajampata hata mmoja. Mwalimu wa hisabati naye awaulize wanafunzi: anayeanza na karata 5 kati ya 40 ana nafasi gani ya kuishika karata aliyo nayo moja tu? Ni moja katika 8. Watalikumbuka jibu hilo kwa sababu wamelihitaji.

Kwa mwalimu wa Kiswahili faida ni kubwa zaidi. Iwe sheria kwamba karata haihesabiwi mpaka aliyeitoa aitungie sentensi yenye upatanisho sahihi wa kisarufi. Aseme: wavu huu umetegwa, nyavu hizi zimetegwa, mashua hii imezuiwa na gugumaji hili. Akikosea, karata inarudi mkononi. Ngeli ambazo tumezikaririsha kwa miaka mingi, zikasahaulika siku ya pili ya likizo, zitakuwa silaha ambayo mtoto ana sababu ya kuinoa.

Tena kuna jambo linalonigusa mimi kama mwanaisimu. Kaunti hizi mbili haziongei Kijaluo peke yake. Wapo Wakuria upande wa Kehancha na Isebania, na wapo Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, ambao wengi wao wamehamia Kijaluo kizazi baada ya kizazi, hata wataalamu wakaitaja lugha yao miongoni mwa zilizo hatarini. Karata ina nafasi ya kutosha kuandikwa jina la samaki au chombo kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuria na Kisuba. Ili kulijaza pengo la Kisuba, mwanafunzi itambidi aende kwa bibi au babu yake akaulize. Huo ndio ukusanyaji wa karata ninaoutetea: mtoto kuitafuta karata adimu kwa mzee anayelijua neno, badala ya kuitafuta katika pakiti yenye bei. Na uadimu wa namna hiyo hupungua kadiri unavyogawiwa.

Wapo watakaosema kwamba karata za manila hazina haiba ya zile za kiwandani, na kwamba zitachakaa kabla ya muhula kwisha. Ni kweli. Lakini kinachochakaa kwa kutumiwa hukatwa kingine, na mwanafunzi anayelikata fungu jipya hupata fursa ya kulifikiria upya: nini kiondoke, nini kiongezwe. Wengine watauliza kwa nini tusizinakili tu karata za kigeni. Mtu kuandika jina la karata kwenye kipande cha karatasi ili ajaribu fungu lake na rafiki zake ni desturi ya siku nyingi, ila mashindano rasmi huhitaji karata halisi, na kunakili michoro ya watu ili kuiuza ni wizi. Yetu wenyewe hayana mwenyewe wa kutushtaki.

Ninawaomba basi walimu wa Migori na Homa Bay, pamoja na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, waijaribu kazi hii katika vyama vyao vya Kiswahili. Waanze na darasa moja, kisha shule mbili jirani zikutane, zikiwa zimekubaliana kikomo kimoja cha alama. Atakayeshinda atakuwa ameshinda kwa kupanga, kuhesabu na kusema vizuri. Atakayeshindwa ataweza kurudi kesho na fungu bora zaidi bila kumwomba mzazi wake shilingi moja.