Mdhamini Yuko Wapi?

Siku ya kwanza kuingia upande wa wanawake gerezani, nilibeba daftari, kalamu na miche minne ya sabuni. Nilikuwa nimekariri vifungu vya sheria usiku kucha. Mama mmoja wa rika la shangazi yangu, mkulima wa Muleba, akanishika mkono na kuniuliza: "Mwanangu, kibanja changu nani anakipalilia?"

Alikuwa mahabusu kwa kukutwa na pombe ya gongo. Kosa lake lilikuwa na dhamana, na masharti alishasomewa: wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho na barua ya mtendaji. Hakuna aliyetokea. Mume alishafariki, na shemeji zake waliona ni heri akae hukohuko, migomba ibaki mikononi mwao. Kila baada ya siku kumi na nne alipanda karandinga kwenda mahakamani, shauri likatajwa, likaahirishwa, akarudi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, ila hairuhusu tusimame mahakamani kumtetea mtu. Hiyo ni kazi ya wakili. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni miguu. Kwa mama yule nilipanda bodaboda hadi kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda Kamachumu kumtafuta kaka yake, nikarudi kuomba kikundi chake cha kuweka na kukopa kitoe mdhamini wa pili. Nyuma yetu wapo wengine: shirika la LSF, ambalo tangu 2011 limekuwa likitoa ruzuku kwa vikundi vya wasaidizi wa kisheria wilayani, na mawakili wa mashirika kama WLAC na TAWLA, ambao tunawakabidhi mashauri yanayotuzidi.

Watu wa Muleba wanaijua kesi ya Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akamshtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Wengi huihesabu kuwa kesi ya ardhi. Mimi huikumbuka kila nikiwa langoni mwa gereza, kwa sababu dhamana inapodai mali isiyohamishika, mwanamke asiye na kibanja kwa jina lake hana cha kuweka, na dada yake naye hana.

Yapo mashauri mazito zaidi. Msichana amejifungulia peke yake mgombani, mtoto amekufa. Akishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia hakuna dhamana, na adhabu ni kunyongwa. Lakini kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinamtambua mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imeyumba kwa uzazi, na adhabu yake ni ile ya kuua bila kukusudia. Ndiyo maana tunakimbilia kadi ya kliniki na majirani waliomwona siku zile, kabla hawajasahau, tumkabidhi wakili.

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka mwanamke mwenye watoto wa kulea apewe nafasi ya kuwapangia malezi kabla ya kuingia gerezani. Nilipozisoma nilimkumbuka mama yule na swali lake la kibanja.

Alitoka siku kaka yake na mwanakikundi mwenzake walipotia sahihi. Kesi ilikuwa bado. Tulipanda basi dogo kutoka Bukoba, hakusema neno hadi tulipopita Kemondo, akaniuliza kama mvua zimeshanyesha. Tulipofika kwake hakuingia ndani. Aliweka mfuko wake chini ya mgomba wa kwanza, akaanza kung'oa majani makavu.