UNAUZA SATO NA PEREGE MTANDAONI? USIMALIZE WAKUBWA BWAWANI

Leo naongea na wenzangu tunaouza samaki kwa stetasi na makundi ya WhatsApp. Mimi nachukua mzigo kwenye mabwawa ya huku Bulwa, Usambara Mashariki, katikati ya mashamba ya chai, nateremsha Muheza na Tanga mjini. Swali la wateja ni lile lile: "Mbona samaki wanazidi kuwa wadogo?" Wengi tunamtupia lawama mfugaji, eti halishi. Chakula kina sehemu yake, sawa. Lakini oda zetu sisi wauzaji nazo zina mkono humo.

Iko hivi. Unapiga picha samaki mkubwa, unaposti, kila mteja anataka kama huyo. Unampigia mfugaji: "Nichagulie wakubwa tu." Wavu unavutwa, wakubwa wote wanaondoka. Waliobaki ndio wanaozaliana, na watoto wao ndio mzigo wako wa mwakani. Mfugaji wa ng'ombe akiuza madume bora kila mwaka na kubakiza yaliyodumaa, mtaa mzima utamshangaa. Kwa samaki tunafanya hivyo hivyo kwa kuwa hatuwaoni chini ya maji.

Si kila samaki mdogo ana mbegu mbaya, hapo tuelewane. Perege huanza kuzaa mapema, wengine wakiwa na miezi mitatu tu. Jike anabeba mayai mdomoni, muda huo hali chakula cha maana, na maji yakiwa ya joto anarudia tena baada ya wiki chache. Bwawa linajaa, chakula hakitoshi, wote wanadumaa. Lakini kwa samaki wa umri mmoja, bwawa moja na chakula kimoja, yule anayewaacha wenzake mbali, sehemu ya kasi ile anairithisha.

Hilo limeshathibitishwa. Mwaka 1988 huko Ufilipino ilianza programu inayoitwa GIFT. Walikusanya sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na waliokuwa wanafugwa kule, kisha kila kizazi wakabakiza wanaokua haraka wawe wazazi. Ukuaji ulipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa kila kizazi, vizazi vya mwanzo. Yaani samaki wa Afrika hao hao, kilichobadilika ni nani anabaki kuzaa.

Kwa hiyo mimi nimekubaliana na wafugaji wangu: wazazi wanachaguliwa kwanza, oda yangu inafuata. Wanatolewa walioongoza kwenye kundi la umri mmoja, wanawekwa bwawa lao au kizimba cha wavu, dume mmoja kwa majike matatu. Ukimgeuza samaki tumbo juu, sehemu ya nyuma ya tumbo, ukihesabu na tundu la haja, dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Na wasiwe wawili watatu tu, maana ndugu watazaana na ndugu hadi ukuaji urudi chini. Wafugaji wa vijiji tofauti wabadilishane madume.

Najua utaniuliza, sasa mteja wa samaki mkubwa nimwambie nini? Mimi naposti mafungu mawili: wa kukaanga mzima na wa mchuzi, kila fungu na picha yake na bei yake. Wa mchuzi wanatoka haraka kuliko nilivyotegemea, hasa kwa mama ntilie. Kwa mfugaji nachukua mchanganyiko, sibagui, na naongeza kidogo kwenye kilo ili asiione hasara kuwaacha wale wazazi.

Wanaouza vifaranga, hapa msikilize kwa makini. Vifaranga wa "madume tupu" wanakua vizuri kwa sababu hakuna kuzaa. Wengi wamegeuzwa jinsia kwa chakula chenye homoni wakiwa wachanga. Mwambie mnunuzi wazi kwamba hao ni wa kuvuna, si wa kuzalisha. Baadhi yao kwa asili ni majike, na ukiwapandisha na majike watatoka watoto majike watupu. Asipoambiwa, atakurudia wewe na simu za hasira.

Halafu kuna baridi. Perege na sato wanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 kuzaa kunakaribia kusimama na kula kunapungua. Huku kwetu Juni hadi Agosti maji yanapoa kweli, kwa hiyo bwawa la Bulwa usilipangie miezi ya bwawa la Muheza. Oda ya sikukuu mimi siiandikii tarehe mpaka mfugaji atupe wavu na kunipimia samaki kumi kwenye mzani.