Urefu wa Kome si Umri Wake

Kwenye miamba ya KwaZulu-Natal na Eastern Cape, Afrika Kusini, akina mama huteremka maji yakipwa kung'oa kome wa kahawia, Perna perna, wapate kitoweo. Mchunguzi naye huja na kalipa. Hupima kome mamia kadhaa, huwapanga kwa urefu, na akiona wakubwa ni haba husema vifo vimezidi; lawama huwaangukia wakusanyaji. Naona huko ni kuwaonea, kwa sababu upimaji wa siku moja hauwezi kutenganisha vifo na ukuaji. Katika miaka ya 1950, Raymond Beverton na Sidney Holt wa Uingereza walionyesha jinsi ya kukadiria vifo kwa wastani wa urefu. Tuseme kome hawa ukomo wa urefu wao ni milimita 100, tunawahesabu kuanzia milimita 40, na wastani wao ni 60. Kutoka wastani hadi ukomo ni 40. Kutoka 40 tulikoanzia hadi wastani ni 20. Basi kasi ya vifo ni mara mbili ya kasi ya kuukaribia ukomo. Lakini mara mbili ya ngapi? Kasi hiyo ya ukuaji ikiwa 0.5 kwa mwaka, ya vifo ni 1, na kome kama 37 katika 100 watauvuka mwaka. Ikiwa 1, ya vifo ni 2, na watakaovuka ni 14 tu. Vipimo vya kalipa ni vilevile.

Wapo wanaoona yatosha kuazima kasi ya ukuaji ya pwani nyingine. Haiazimiki. Kome hula kwa kuchuja maji, hivyo wa chini ya mwamba, anayefunikwa saa nyingi, hukua upesi kuliko wa juu, mita chache tu kutoka alipo. Seuze wa mbali. Kufuata kundi la waliozaliwa pamoja, mwezi hadi mwezi, kunafaa pale wachanga wanapotua kwa msimu mmoja. Wakitua mfululizo, makundi huchanganyika. Inabaki kuwatia kome alama na kupima ukuaji wao hapohapo wanapoishi. Pingamizi zito zaidi kwa njia hii ni kwamba kuwang'oa ili kuwatia alama huwadhuru. Ni kweli, ila si lazima kuwang'oa. Mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walieleza matumizi ya kalseini, rangi anayotiwa kome palepale mwambani, ikanaswa na gamba linalojengwa. Baadaye gamba hukatwa, na chini ya hadubini ya mwanga maalumu mstari hung'aa kijani. Kilichoongezeka kuanzia hapo hadi ukingoni ndicho ukuaji.

Hata hivyo, tutakachopata tukiunganisha ukuaji huo na vipimo vya kalipa ni jumla ya vifo, vya mawimbi, vya wanyama wala kome na vya mikono ya watu. Kuijua sehemu ya wakusanyaji kunahitaji mwamba wa jirani usiovunwa, wenye kimo na mawimbi yaleyale, upimwe kwa njia ileile.