Sura ya 4: Kidonda Hakianikwi

Kwenye makao ya wazee jijini Johannesburg, mafunzo ya vidonda hukwama kwenye kauli moja: "Kiache kipate hewa, kikauke." Anayeisema mara nyingi ni mhudumu mwenye huruma na uzoefu, ndiyo maana kauli haifi. Lakini si kweli, na inawaumiza wazee.

Mwaka 1962 George Winter alichapisha katika jarida la Nature majaribio yake kwa nguruwe: majeraha yaliyofunikwa kwa plastiki yaliota ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko yaliyoachwa wazi yakashika kigaga. Seli za ngozi hutambaa penye unyevu. Pakikauka hulazimika kuchimba njia chini ya kigaga. Haidrojeni peroksaidi inayomiminwa kusafisha kidonda nayo huziua seli zinazojenga. Povu lake si uchafu unaotoka: ni oksijeni, baada ya kimeng'enya kilichomo kwenye damu na nyama kuivunja dawa. Kigaga kikavu cheusi cha kisigino kisichopata damu ya kutosha ndicho pekee ninachosisitiza kisiloweshwe.

Sura hii niliipanga iwe ya bandeji. Lakini kidonda cha mgandamizo hakiletwi na bandeji. Nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa kupita, nyama hiyo ikafa. Vitabu vingi huagiza kutafuta wekundu, agizo lisilotosha kabisa kwa ngozi nyeusi. Weka mkono kwenye nyonga, kisigino na chini ya mgongo. Linganisha na ngozi iliyo kando: joto, ubaridi, ugumu, ulaini usio wa kawaida. Muulize mzee panapouma. Usipasugue.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wakazi 942 wa makao ya wazee Marekani na Kanada, wote wakilalia magodoro ya sponji nzito. Kugeuzwa kila baada ya saa 2, 3 au 4 hakukuleta tofauti ya maana ya vidonda vipya. Hiyo si ruhusa ya kumwacha mtu usiku kucha. Inaonyesha thamani ya godoro. Johannesburg, mgao wa umeme wa 2022 na 2023 ulipozidi, godoro la pampu lisilo na jenereta lilikuwa hatarini kunywea chini ya mgonjwa. Ningenunua kwanza sponji nzuri kwa vitanda vyote. Na sponji huchoka: pitisha kiganja chini ya godoro, mzee akiwa amelala. Ukiusikia mfupa wake, libadilishe leo.