Treni za zamani za kuchezea: fedha imehamia kwa mafundi

Mwaka 1957 kampuni ya Lionel ya Marekani ilipeleka madukani treni ya umeme iliyokusudiwa wasichana. Kichwa chake kilipakwa rangi ya waridi, na mabehewa yakapewa samawati, manjano na zambarau za kupoa. Wanunuzi hawakuitaka. Inasimuliwa kwamba msichana aliyependa treni alitaka inayofanana na ile aliyoiona stesheni, yenye kichwa cheusi. Mzigo ukalala madukani. Leo seti hiyo, ikiwa kamili na ndani ya boksi lake, inagombewa minadani, na mnunuzi makini huikagua mara mbili, maana kuchukua kichwa cha kawaida cha Lionel na kukipulizia rangi ya waridi hakumshindi mlaghai mwenye mkono mwepesi.

Umri peke yake haulipi katika biashara hii. Vipo vichwa vya treni vya miaka ya 1950 vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha watu wawili mgahawani, kwa sababu vilitengenezwa kwa wingi na wenyewe wakavitunza. Kinacholipa ni uchache, rangi ya kiwandani ambayo haijaguswa, na boksi. Boksi la karatasi ngumu ambalo watoto wengi walilichana siku ya kwanza linaweza kupandisha bei kuliko marekebisho yoyote ya fundi.

Mizizi ya biashara hii iko Göppingen, kusini mwa Ujerumani. Huko kampuni ya Märklin ilianza mwaka 1859 ikitengeneza vyombo vya bati vya jikoni za wanasesere. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, ikaleta reli zenye vipimo maalumu vya upana, pamoja na mabehewa na vifaa vya kuongezea. Huo ulikuwa ujanja wa kibiashara wa hali ya juu: mzazi aliyenunua treni moja alirudi dukani mwaka baada ya mwaka kuongeza reli, njiapanda na stesheni. Mjini New York, Joshua Lionel Cowen, mwanzilishi wa Lionel, aliingia mwaka 1900, na gari lake la kwanza la umeme lilikusudiwa kuvuta macho ya wapita njia kwenye dirisha la duka. Wateja wakaanza kuulizia gari lenyewe. Mjini Liverpool, Frank Hornby, aliyekwishajipatia jina kwa Meccano, vifaa vya kuchezea vya kuunganisha, alitoa treni zake za bati mwaka 1920, za kutia ufunguo. Mwaka 1938 akiwa ameshafariki, kiwanda chake kikaleta Hornby Dublo, treni ya umeme inayopita kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5, ndogo kiasi cha kutosha kwenye meza ya chakula.

Anguko lilikuja miaka kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watoto walipopata michezo mingine. Meccano, kampuni ya Hornby, ilinunuliwa na Lines Bros, wenye chapa ya Tri-ang, mwaka 1964. Mwaka 1969 utengenezaji wa treni za Lionel ukaingia mikononi mwa General Mills, kampuni ya vyakula. Märklin ilistahimili muda mrefu zaidi, lakini Februari 2009 nayo ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, na mwaka 2013 ikachukuliwa na familia inayomiliki kampuni ya vitu vya kuchezea ya Simba Dickie.

Viwanda vilipoyumba ndipo soko la vya zamani lilipopata nguvu. Wavulana wa enzi hizo walikuwa watu wazima wenye mishahara, wakarudi kutafuta kile walichokuwa nacho au walichokikosa. Chama cha wakusanyaji wa Marekani, TCA, kilikuwa tayari kimeanzishwa mwaka 1954, na gulio lake kubwa, pale York katika jimbo la Pennsylvania, hukutanisha wauzaji mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Wezi nao wakaona thamani: Januari 2005 walivunja makumbusho ya Märklin na kuondoka na mali iliyokadiriwa kuzidi euro milioni moja, ambayo baadaye ilipatikana.

Sasa kizazi hicho kinaondoka. Wajane na watoto wanafungua makabati na kupeleka kila kitu mnadani kwa mkupuo, na vijana wa kupokea ni wachache. Bei ya vitu vya kawaida imeshuka. Vitu adimu vilivyo katika hali nzuri bado vinashindaniwa. Aliyenunua kwa tamaa ya kuuza ghali baadaye ana sababu ya kuhuzunika. Fundi ana kazi.

Na kazi yenyewe ni ya ustadi. Mota za Hornby Dublo za mwanzo hutegemea sumaku, na sumaku huchoka. Ikichoka, mota huvuta umeme mwingi, hupata joto, na treni hutambaa. Mwenye haraka hudhani mota imeungua. Fundi anayejua husafisha komuteta, sehemu inayopeleka umeme kwenye rota inayozunguka, hubadilisha kaboni, kisha huirudishia sumaku nguvu zake kwa mashine maalumu, na kichwa kilichoonekana kimekufa kinavuta mabehewa matano. Hujua pia kwamba kuchomoa rota ovyo bila kuweka kipande cha chuma badala yake kunaidhoofisha sumaku papo hapo. Waya ukiwa umekatika ndani, anausuka upya mzunguko kwa mzunguko.

Kuna ugonjwa mmoja usio na dawa. Vichwa vingi vya miaka ya 1930 vilimiminwa kwa aloi ya zinki, na pale risasi ilipochanganyika humo, hata kidogo sana, metali hiyo huanza kuoza kutoka ndani. Huvimba, hupinda, hupasuka kama udongo mkavu, na unyevu na joto huharakisha. Ukiona gurudumu la Dublo la kabla ya vita lina nyufa ndogo, jua limekwenda. Kinachowezekana ni kulibadilisha, na hapo ndipo fedha ya leo ilipo: watu wachache, wengi wakifanya kazi katika karakana za nyumbani, wanamimina magurudumu mapya, wanakata bati, wanachapa vipande kwa printa za 3D, na wanawauzia wakusanyaji dunia nzima kwa posta. Mtaji ni mdogo, ujuzi ni mkubwa, na mteja hana pengine pa kwenda.

Ninaloliona baya ni upakaji rangi usiotangazwa. Kukifanya kipya kichwa kilichokwanguka hadi bati ni kazi halali na yenye heshima, alimradi mnunuzi anaambiwa. Lakini rangi ya kiwandani iliyofifia ni ushahidi wa historia, na ikishakwanguliwa hairudi. Mafundi bora niwajuao kwa kazi zao husafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, hupaka mafuta kidogo, na huacha.

Msomaji uliye Uingereza, Ujerumani au Marekani, ukikuta boksi la treni za zamani katika nyumba inayohamwa au duka la mitumba, usizifute kwa spiriti, usizipake rangi, na usiichomeke transfoma yake yenye waya uliopasuka ganda. Hifadhi boksi pamoja na karatasi zake, kisha umwone fundi kabla hujamwona mnunuzi.