Kufunga Silinda Hedi za Aluminiamu katika Injini ya Ford V8

Wasikilizaji wetu, kila mwenye jiko anaijua aluminiamu, maana sufuria nyingi ni za madini hayo. Sufuria ya aluminiamu ni nyepesi, hushika moto upesi, na ikigongwa hubonyea. Chukueni sifa hizo mzitie katika injini ya motokaa, nanyi mtafahamu mengi ya nitakayoyasema.

Injini niliyoikusudia ni ya Ford V8, iliyotoka kwanza Marekani mwaka 1932, ikadumu katika magari ya huko hata mwaka 1953. Silinda zake ni nane, nne kila upande. Vali zake hazikai juu, bali zimo ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku. Kwa hiyo silinda hedi yake ni kifuniko tu, chenye njia za maji na matundu ya plagi. Mwaka 1932 vifuniko hivyo vilikuwa vya chuma cha kusubu, na injini ilikuwa na nguvu za farasi 65. Mwaka 1933 vikatiwa vya aluminiamu, nguvu zikafika 75. Aluminiamu hupitisha joto upesi kuliko chuma, basi hewa na petroli vyaweza kushindiliwa zaidi pasipo injini kugonga. Ndiyo sababu wapendao magari ya kale wangali wakizitafuta hedi hizo.

Kwanza fundi ahesabu studi, yaani vile vijiti vya chuma vyenye meno ya skrubu vinavyoishika hedi. Injini za kwanza zina studi 21 kila upande, za baadaye zina 24, wala hedi ya aina moja haikubali bloku ya nyingine.

Kuiondoa hedi ya zamani huenda kukachukua siku kadhaa, maana kutu huishikamanisha na studi. Atie mafuta ya kulainisha kutu, angoje, atie tena. Asichomeke bisibisi katikati ya hedi na bloku ili kuibandua. Mkwaruzo mmoja katika uso ule ni njia ya maji kuvuja. Studi nayo ikikatika ndani ya bloku ya miaka mingi, kuitoa ni kazi ya kutoa jasho, na bloku nyingine haipatikani kwa urahisi.

Hedi mpya ikiletwa, isifungwe mara moja. Abandike udongo laini juu ya pistoni na vali, aiweke hedi pamoja na gasketi kuukuu, akaze kidogo, kisha aizungushe injini kwa mkono. Akifungua, unene wa udongo uliobanwa utamwonyesha nafasi iliyobaki. Halafu asafishe kila uso, na meno ya studi ayapake dawa ya kuziba, kwa kuwa matundu mengine hufika mpaka penye maji. Chini ya kila nati aweke washa nene ya chuma, kwa sababu ya ule ulaini wa aluminiamu.

Sasa kukaza. Aanze katikati akienda nje pande zote, kama mtu anyoshaye mkeka. Wala asikaze nati yoyote mpaka mwisho kwa mara moja. Mzunguko wa kwanza spana ya kipimo isome ratili 20 kwa futi, wa pili 30, wa tatu karibu 40, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji yasema vingine.

Hapa ndipo wengi waliozoea hedi za chuma hukosea. Hedi ya chuma hukazwa tena injini ikiwa moto. Ya aluminiamu hukazwa ikiwa baridi kabisa. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko studi ya chuma, hivyo hedi hunenepa na kujibana yenyewe chini ya nati. Mtu akiipima wakati huo, spana humdanganya kwamba imekaza vya kutosha. Injini ikipoa, hedi hunywea, nati zikawa legevu, maji yakaingia katika silinda. Basi aiwashe mpaka ipate moto, aizime, ailaze usiku kucha, na asubuhi apitie nati zote kwa utaratibu ule ule. Afanye hivyo mara mbili tatu, mpaka nati zisisogee tena.

Plagi nazo zitiwe hedi ikiwa baridi, zikianza kuzungushwa kwa vidole. Na maji ya rejeta yachanganywe na dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa aluminiamu na chuma vikikaa pamoja majini, aluminiamu ndiyo iliwayo kwanza.