Kusafisha Njia za Hewa: Je, Cheti Kitamsaidia Mwanao?

Kijana amemaliza shule na yuko nyumbani. Siku moja anakuja na tangazo: jifunze kusafisha njia za hewa, upate cheti, upate na kazi. Ada yatakiwa wiki hii hii. Katika nyumba nyingi anayeulizwa fedha zitatoka wapi ni mama, naye hutazama akiba ya kikundi, kuku wake, au karo ya wadogo. Kabla hujatoa kitu, mama mwenzetu, tuitazame kazi hii pamoja.

Kazi yenyewe

Huko Marekani, nyumba nyingi hupata joto au ubaridi kutoka mashine moja. Feni husukuma hewa kupitia mabomba ya bati yaliyofichwa darini na ndani ya kuta, hadi kila chumba. Humo hukusanyika vumbi, nywele za mbwa na paka, hata vinyesi vya panya. Fundi huzima mashine, huunganisha chombo kikubwa cha kufyonza, kisha hulegeza uchafu kwa brashi au kwa hewa yenye nguvu. Ufyonzaji huo ndio unaozuia vumbi lisimwagike sebuleni. Kama hewa ya chombo hicho inatolewa ndani ya nyumba, ni lazima ipite kwenye kichujio cha HEPA, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3. Fundi hodari haishii kwenye mabomba. Husafisha pia feni, koili na trei ya maji, kwa maana penye unyevu ndipo kuvu huota.

Kwetu Afrika Mashariki nyumba nyingi hutegemea dirisha na feni ya kawaida. Mabomba ya namna hii tutayakuta zaidi katika mahoteli, mahospitali na majengo makubwa ya ofisi.

Nani hutoa cheti?

Chama cha mafundi hawa Marekani, NADCA, kiliundwa mwaka 1989. Cheti chake kinachojulikana zaidi ni ASCS, ambacho mtu hukipata kwa kufaulu mtihani juu ya mitambo ya hewa, usalama, na viwango vya usafi vilivyowekwa na chama. Hakimalizi masomo, kwani mwenye nacho hutakiwa kuendelea kujifunza ili kisipotee. Kampuni haiwezi kuwa mwanachama bila kuwa na angalau mtu mmoja mwenye cheti hicho.

Hata hivyo, cheti cha chama si leseni ya serikali. Majimbo mengi ya Marekani hayadai leseni maalumu kwa kazi hii, lakini mengine hudai. Familia zetu zilizohamia huko, zikiwamo nyingi za Kongo zisemazo Kiswahili, ziulize kwanza katika jimbo lao. Idara ya serikali ya kulinda mazingira, EPA, haitoi cheti kwa wasafishaji wa mabomba. Basi mtu akikuambia kuwa chuo chake "kimeidhinishwa na EPA" kwa kazi hii, funga mkoba wako.

Ukweli kuhusu afya

Wako wanaouza kazi hii kwa kuwatisha akina mama wenye watoto wa pumu. EPA imeeleza kuwa haijathibitishwa kwamba kusafisha mabomba huzuia maradhi. Ushauri wake ni kusafisha inapohitajika: kukiwa na kuvu inayoonekana, wanyama waharibifu, au vumbi jingi linalotoka vyumbani. Mwanao akifundishwa kumdanganya mama mwingine ili apate fedha, hajafundishwa kazi. Fundi mwaminifu humwonyesha mteja uchafu ulipo, na pasipo na uchafu humwambia hivyo.

Afya ya fundi mwenyewe

Kazi hii ina vumbi, ngazi ndefu, dari zenye joto kali na umeme. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu pole pole kwa miaka mingi. Kwa hiyo mafunzo yasiyofundisha namna ya kukata umeme, kuvaa kinga ya pua na kutambua asbesto ni hatari, hata yakiwa ya bei nafuu.

Kwa vijana walio hapa nyumbani

Twaona ni vema kijana aanze na ufundi wa majokofu na viyoyozi, kwa kuwa ni mpana zaidi. Kusafisha njia za hewa ni tawi lake tu. Tanzania mafunzo hayo hutolewa chini ya VETA, ambayo pia hupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Kenya, NITA hufanya majaribio ya ufundi, kuanzia daraja la 3 hadi la 1. Wala tusiwaache binti zetu nyuma; kazi hii yahitaji macho makini na mikono mitulivu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Cheti hutolewa na nani, na je, waajiri wa hapa wanakitambua?
2. Ada inajumuisha mtihani, vifaa na nguo za kinga?
3. Mwanafunzi atashika vyombo kwa mikono yake, au ataketi darasani tu?
4. Twaweza kuzungumza na waliomaliza mwaka jana?
5. Akishindwa mtihani, kurudia ni kiasi gani?

Usione haya kwenda na mwanao chuoni kuuliza. Mpigie simu fundi wa hoteli au hospitali iliyo karibu, umuulize humwajiri nani. Kama chuo kinakuharakisha ulipe kabla hujapata majibu, subiri. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, nasi twakubali. Lakini walisema pia kuuliza si ujinga.